Fundi Aliyekataa Kushona Yunifomu: Kisa cha Mama, Watoto Watatu na Kikundi cha Siku za Mwisho

Kabla ya kuanza

Kisa hiki ni cha familia moja ya pwani ya Kenya. Mtaa nimeuficha, umri wa watoto nimeusogeza kidogo, kikundi chenyewe sitakitaja wala mwenye nacho. Familia inajua naandika. Mama mwenyewe nitamwita Fundi kwa sababu alikuwa anashona, kazi hiyo nimeiacha vile ilivyo manake bila cherehani kisa hakieleweki, na mafundi wa nguo huku kwetu ukizunguka mtaa mmoja tu unawapata kumi. Mimi niliingia kama mtu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto, yaani yule anayepigiwa simu usiku jirani akisikia mtoto analia vibaya. Silipwi. Na niseme mapema kwamba kuna mahali mimi mwenyewe nilikosea, nitafika hapo.

Fundi alikuwa nani

Usidhani ni mtu asiyesoma. Alimaliza kidato cha nne, kwenye kitambaa huwezi kumdanganya hata robo mita, akikutazama tu ashajua kiuno chako. Mumewe yuko Qatar, alienda kwa kazi za ujenzi wakati ule wa viwanja vya mpira akabaki huko huko, pesa anatuma kila mwisho wa mwezi. Watoto watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa 9 na kitinda mimba wa 4. Kanisani kwao Fundi alikuwa kwenye kwaya miaka minane.

Mlango ulifunguka 2020. Corona imeingia, makanisa yamefungwa, skuli zimefungwa, hakuna mtu anashona nguo ya sherehe wala ya nini. Katikati ya hapo mamake akafariki. Wale mliozika wakati ule mnakumbuka, watu 15 bas, haraka haraka, hakuna kulala matanga, hakuna kukaa na wafiwa. Fundi aliniambia baadaye kwamba mchungaji wake hakuja na hakupiga hata simu, na kwaya aliyoimba nayo miaka yote hiyo ilituma mesej moja kwenye grupu alafu ikarudi kwa mambo ya sare za Pasaka ya mwaka unaofuata. Aliyekuja ni mama mmoja waliyekuwa wanakutana duka la vitambaa. Alikuja na paketi ya unga kilo mbili, akafua nguo za watoto, akakaa mpaka usiku na hakutaja Mungu hata mara moja. Akarudi tena, na tena. Wiki ya tatu ndio akamwekea mahubiri kwenye memori kadi.

Watu wakisimulia visa hivi wanakimbilia mafundisho, mafundisho, ooh alidanganywa na Ufunuo. Fundi hakuingia kwa Ufunuo, Fundi aliingia kwa unga na nguo zilizofuliwa. Ufunuo ulikuja baadaye ukakuta mtu ashakaa.

Walichokuwa wanafundishwa

Walikuwa wanakutana Jumatano na Jumamosi usiku kwenye chumba cha kupanga. Kiongozi wanamwita Mtumishi, hana joho, hana makelele, ni mtu wa sauti ya chini anayekumbuka majina ya watoto wako. Wanasema wao wana "ujumbe wa mwisho", makanisa mengine yote yamelala.

Nguzo yao ya kwanza ni Ufunuo 13, chapa ya mnyama, kwamba itafika siku mtu hanunui wala hauzi bila ile namba. Hofu hiyo haikuwa yao peke yao, serikali ilipoleta Huduma Namba 2019, ile namba moja ya utambulisho ya kila mtu, watu wengi tu wenye akili zao walinong'ona hivo hivo. Ila hawa waliikuza. Mtoto akiingizwa skuli anapewa namba kwenye mfumo wa wizara, bas skuli ni chapa. Mjamzito akienda kliniki anaandikwa, mtoto akichanjwa anaandikwa, bas hospitali ni chapa, tena ni kukosa imani. Alafu 2023 serikali ikatangaza Maisha Namba, na kwa kikundi kama hiki serikali ikileta namba mpya ni kama imewaandikia mahubiri ya mwezi mzima.

Zikafuata nywele, hakuna kusuka wala kuvaa wigi. Televisheni nje. Kufunga kulianza kama kwa makanisa mengine, Jumatano mpaka jioni, baadaye siku mbili mfululizo, baadaye tatu, na watoto walioachwa mwanzoni wakaingizwa "nusu", yaani uji asubuhi bas. Mwisho kabisa ndio likaja la nyikani, kutoka Ufunuo 12, yule mwanamke aliyekimbia joka akaenda nyikani mahali Mungu alipomtayarishia.

Mimi si mwanateolojia na sitaki kugombana na mtu juu ya mstari. Ila nikiyapanga hayo mafundisho naona kitu kimoja, kila lililokatazwa lilikuwa mlango ambao mtu wa nje angemwona mtoto. Mwalimu anaona mtoto amekonda. Nesi anaona kadi ya kliniki, mstari wa uzani umeshuka. Jirani anaona kwa sababu watoto wanakuja kutazama katuni kwake. Funga skuli, funga kliniki, funga televisheni, hama mtaa, na hapo hata ukimfungisha mtoto siku tano hakuna jicho.

Januari ya yunifomu

Dalili zilikuwepo mwaka mzima wa 2022 lakini zilikuwa dogo dogo, kwaya ameacha, wigi amempa jirani, mumewe akituma pesa siku hiyo hiyo nusu imetolewa. Mume anaambiwa ni karo.

Sasa ikaja Januari 2023. Kwa fundi wa nguo Januari ni mavuno, unakula Januari mpaka Aprili, na mwaka ule ulikuwa wa kipekee manake ndio darasa la kwanza la sekondari ya chini linaingia gredi ya saba, wazazi wanahangaika na sare. Binti wa Fundi naye alikuwa wa darasa hilo. Fundi akarudisha dipoziti za watu. Mtu analeta kitambaa anaambiwa mimi yunifomu sishoni tena, nikikushonea namvisha mtoto wako chapa. Majirani walicheka, wakasema fundi amepata pesa za Qatar anaringa. Watoto wake watatu hawakutoka nyumbani skuli zilipofunguliwa, na mwalimu alipopiga simu akaambiwa wamehamishwa.

Kakake Fundi alinipigia Februari. Hapa ndio kosa langu. Nilimwambia ampe muda, watu wanashika dini kwa moto alafu moto unapoa, nimeona wengi. Kusema kweli niliogopa. Hakuna mtu mtaani anataka kuitwa mpinga maombi. Sikuuliza swali lililokuwa kazi yangu kuuliza, wale watoto leo wamekula nini na wako darasa gani. Nilikuwa na haki ya kufika pale nyumbani kwa sababu ya skuli peke yake, wala nisitaje dini. Sikufika.

Kikao cha Jumapili

Machi familia ikaita kikao. Watu 11 kwa mtu mmoja. Kaka mkubwa, mabinamu, mchungaji wa kanisa la zamani, wazee wawili, mimi nikiwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Mchungaji yule yule ambaye hakuja kwenye msiba akaanza kwa kumwambia ana pepo la upotofu. Binamu mmoja akasema mumeo akijua atakuacha. Kaka akachukua ile simu, akatoa memori kadi, akaivunja kwa meno mbele ya watu.

Fundi hakulia. Alisema tu mstari wa Mathayo 10, kwamba adui za mtu ni wale wa nyumbani mwake, akafunga mdomo na hakuufungua tena saa mbili nzima. Baadaye sana alitueleza kwamba Mtumishi alishawaambia zamani, kuna siku watu wako watakuzunguka kama majaji. Kwa hiyo sisi tulienda pale kuvunja unabii tukautimiza, tena kwa mpangilio mzuri kabisa, na chai juu.

Shangazi yake mmoja peke yake ndiye hakusema kitu kikaoni. Ni mama wa kuuza viazi karai, hana maneno mengi. Baada ya kikao alimfuata Fundi jikoni, wakaosha vikombe. Akamuuliza swali moja: "Mwanangu, yule mwanamke wa nyikani, si imeandikwa huko alilishwa? Wewe huko utalishwa na nani?" Hakungoja jibu. Akamwambia nitakuwa nakupigia Ijumaa, akaondoka.

Aprili 2023

Wiki chache baadaye ikalipuka Shakahola. Kwa wasomaji wa mbali: Paul Mackenzie alikuwa dereva wa teksi, akaanzisha kanisa lake Malindi 2003, na miaka mingi kabla ya msitu alikuwa anahubiri kwamba skuli ni ya shetani. 2017 alikamatwa na kushtakiwa kwa mambo ya watoto waliokutwa kanisani kwake, akatoka. 2019 akashikwa tena kwa mahubiri ya Huduma Namba, akatoka, akafunga kanisa, akahamia msitu wa Shakahola ambako wafuasi walipewa viwanja vya majina ya Biblia. Machi 2023 alikamatwa kwa vifo vya watoto wawili akaachiliwa kwa dhamana. Katikati ya Aprili polisi wakaingia msituni, na tarehe 21 wakaanza kufukua. Miili ikapita 400. Wengi njaa, na kwa baadhi ya watoto madaktari walikuta dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Walionusurika walieleza mpango, watoto wafunge kwanza, alafu wasio na ndoa, wanawake, wanaume, viongozi mwisho.

Sisi tulifikiri bas, imekwisha, Fundi ataona mwenyewe. Kaka akamtumia video juu ya video. Jibu lilikuwa fupi, hao walipotea, sisi tuko kwenye kweli, na serikali itatumia hao kufunga makanisa ya kweli. Na kweli serikali ikaunda jopo, ikafungia baadhi ya makanisa, machifu wakaanza kuuliza nani anaomba wapi. Kila hatua ya serikali ikawa ushahidi wa Mtumishi. Mtu aliye ndani akisikia habari ya kikundi kingine kilichoangamia hajioni yeye. Uganda walikuwa na Kanungu, Machi 2000, mamia waliungua ndani ya kanisa baada ya utabiri wa mwisho wa dunia kupita bila kitu, na Fundi alikuwa anaijua habari hiyo vizuri, aliwahi kuniambia "wale walikuwa wakatoliki walioasi", kama vile ugonjwa ni wa kabila lingine.

Mwezi wa Mei cherehani ikauzwa. Tarehe fulani asubuhi nyumba ikakutwa tupu, ufunguo uko kwa jirani.

Ripoti mbili

Kaka alienda polisi siku hiyo hiyo. Alieleza vile yeyote angeeleza, kwamba dadake ameingia dini mbaya, amepotoshwa akili, kuna mtu anaitwa Mtumishi. Aliyekuwa zamu akamwambia mtu mzima ana uhuru wa kuabudu, kifungu cha 32 cha Katiba, kama hajatekwa hakuna kesi. Utashangaa, Shakahola iko kwenye taarifa ya saa moja kila siku na bado ndio jibu. Chifu naye akasema ataulizia. Kaka akarudi amevunjika, akataka kukodisha vijana wa bodaboda wazunguke vijijini na rungu, na hapo ndio nilishtuka nikaanza kufanya kazi yangu.

Tulikaa usiku mmoja na shangazi tukaamua kutenganisha mambo mawili. La mama na imani yake tukaliweka pembeni kabisa, hata kulitaja tusilitaje. La watoto ndio tubebe peke yake, kwa sababu kifungu cha 53 cha hiyo hiyo Katiba kinampa mtoto elimu ya msingi ya lazima, chakula, matibabu na malezi, na hakisemi "isipokuwa mamake akiwa na ufunuo". Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inamtambua mtoto anayehitaji ulinzi. Tukakusanya karatasi: nakala za vyeti vya kuzaliwa, barua ya skuli kwamba watoto watatu hawajaonekana tangu Januari na hakuna skuli iliyoomba uhamisho, kadi ya kliniki ya kitinda mimba ambayo chanjo zimekatika, picha za karibuni. Baba akapigiwa simu Qatar. Alikuwa hajui lolote, alilia kwenye voisi noti dakika tatu nzima, alafu akaandika barua kwa mkono kwamba yeye ni mzazi, hajui watoto wake walipo, hakukubali waondolewe skuli, akaipiga picha akaituma.

Tukapiga 116, simu ya watoto, ni bure. Tukaenda kwa afisa wa watoto na faili, alafu polisi tena, mara hii ripoti ni "watoto watatu wa umri huu, hawajulikani walipo, baba anawatafuta". Namba ya OB, yaani ya kitabu cha ripoti cha polisi, ikatoka siku hiyo hiyo. Kituo kile kile, na nahisi hata kalamu ilikuwa ile ile.

Ijumaa za shangazi

Ila namba ya OB haitafuti watu kichakani. Walipatikana kwa sababu ya shangazi. Fundi alikuwa anaazima simu Ijumaa kujibu simu zake, si kila Ijumaa lakini nyingi. Shangazi hakuuliza uko wapi hata siku moja. Anauliza mnapika kwa kuni au makaa, mvua imenyesha, maji mnateka mbali, mdogo anakohoa bado. Kaka alikuwa anawaka, anasema huyu mama anapiga porojo wakati watoto wanakufa. Wiki ya kumi na kitu Fundi mwenyewe, katika kulalamika vile soko liko mbali, akataja jina la senta ambapo matatu inashusha watu.

Shangazi alikaa na hilo jina siku mbili. Kwake ilikuwa kumsaliti mtoto, mtu mmoja tu alikuwa anamwamini na ni yeye. Mwishowe akampa afisa wa watoto kwa sharti, na yeye aende nao. Sikumshauri chochote, manake sikuwa na la kumshauri ambalo hajalifikiria.

Siku ya watoto

Agosti. Afisa wa watoto, polisi, chifu wa kule, shangazi. Vibanda vitatu vya matope na watu 19, tisa kati yao watoto. Mtumishi hakuwepo. Watoto wote tisa waliondolewa, watu wazima walihojiwa na wengi wakaachiliwa baada ya siku mbili. Binti wa Fundi alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Mdogo alibebwa, miguu imevimba, na mtu asiyejua angesema amenona.

Kaka alikuwa anangoja barabarani na gari la kuazima, na hapa kwa upendo tukakaribia kuua. Aliwanunulia chipsi, kuku na soda. Walikula kama vile unavyofikiria. Jioni mdogo anatapika, anaharisha, amelegea, moyo unaenda mbio, tukakimbizana hospitalini. Daktari alitugombeza sana na alikuwa na haki. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu madini yake yameisha, ukiumwagia wanga na sukari kwa mpigo unavuta hata yale kidogo yaliyobaki kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Mtu kama huyo anapelekwa hospitali kwanza, anaanzishwa maziwa maalumu kidogo kidogo anapimwa damu. Mdogo alilazwa siku nane. Hakuna mtu kati yetu alijua, na wote tulikuwa tumetazama Shakahola miezi minne kwenye televisheni.

Mahakama ya watoto ikawaweka kwa nyanya mzaa baba, si kwa kaka, afisa aliona kwa kaka kuna hasira nyingi. Fundi aliruhusiwa kuja kuwaona. Hakuja. Alirudi kwenye kikundi, bila watoto. Wengine walimhukumu hapo mazima.

Alivyotoka

Hakutoka kwa sababu ya mahakama wala video. Anasema siku ya tisa ya mfungo mmoja alisikia harufu ya kitunguu kinakaangwa kutoka kibanda cha mke wa Mtumishi. Mtu ambaye hajala siku tisa hakosei harufu ya kitunguu. Na bado akakaa miezi mitatu zaidi! Alijitafutia maelezo, labda ni mgonjwa, labda ni wa mgeni. Swali la shangazi la kulishwa ndio lilikuwa linarudi usiku. Machi 2024 aliambiwa ampigie mumewe simu aombe elfu themanini za "safari ya mwisho", akaazima simu, na namba aliyoipiga ilikuwa ya shangazi. Ilikuwa Jumanne, hata Ijumaa haikuwa.

Siku alipofika, kabla hajakaa, shangazi alimwambia mimi ndiye niliyetoa jina la senta. Fundi akasema nilijua. Wakanywa uji.

Saa hii

Fundi anaishi kwa shangazi. Kaka alimnunulia cherehani kuukuu, anashona mapazia na madera, yunifomu bado. Anaomba asubuhi peke yake, kanisa hana, na akiumwa mpaka asukumwe ndio aende hospitali. Mvulana yuko skuli, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mdogo mzima. Binti ndiye mgumu. Nyanyake alikuta vipande vya mkate ndani ya foronya, vingine vishaota ukungu. Alipokutana na mamake mara ya kwanza alimwambia "wewe ulijua tuna njaa" akarudi chumbani. Baba alikuja miezi miwili akarudi Qatar, ndoa haijavunjwa wala haijatengenezwa.

Nikikiangalia kisa chote

Kilichosaidia kwa uhakika ni kutenganisha. Tulipoenda kama watu wanaopinga dini tulifukuzwa na polisi na tukafungiwa na Fundi. Tulipoenda na vyeti vitatu vya kuzaliwa na barua ya skuli, watu wale wale walisimama. Kama una ndugu kwenye hali hii usianze kueleza mafundisho yao, afisa hawezi kukamata mafundisho. Andika tarehe ambayo mtoto aliingia darasani mara ya mwisho. Na usingoje wahame, sisi tulikuwa na haya yote Februari, karatasi zote zilikuwepo, kilichokosekana ni mimi kusimama.

Kikao kilikuwa na nia nzuri na kilikuwa ndio hatua mbaya kuliko zote. Kingefaa pengine kama wangekuwepo shangazi na mtu mmoja mwingine bas, kusiwe na mchungaji, kusiwe na kuvunja vitu. Kaka analijua hilo, analibeba.

Pesa zilisema mapema kuliko mtu yeyote. Mume angeuliza skuli moja kwa moja badala ya kuuliza mkewe, mwaka mmoja ungeokolewa. Simlaumu sana, mtu yuko kwenye joto la Doha anatuma karo na anajibiwa asante mume wangu.

Kuhusu kuadhibu mimi nimebadilika. Juni 2023 watu 65 waliookolewa Shakahola walipelekwa mahakamani kwa kujaribu kujiua kwa sababu walikataa kula. Fundi alisikia habari hiyo akiwa ndani na anasema iliwafunga pamoja zaidi, ukitoka utafungwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho cha kujaribu kujiua kinakwenda kinyume na Katiba, na naona ni sawa, mtu aliyefundishwa kufa na njaa hatibiwi na seli. Ila yule aliyekuwa anakaanga kitunguu ni hadithi nyingine, huyo na afungwe. Na wasiseme msitu ule ulikuwa mara moja, 2025 hapo hapo Chakama, eneo lile lile la Shakahola, mahali panaitwa Kwa Binzaro, makaburi mengine yakafukuliwa.

Kitu kimoja nimekibadilisha kwenye kazi yangu ambacho hakuna semina iliyonifundisha. Mtaani pakiwa na msiba naandika kwenye daftari nani amebaki peke yake, na wiki ya tatu, watu wakishaacha kuja, nampelekea unga kilo mbili na nakaa kidogo. Yule mama wa memori kadi bado yuko mtaani na bado anafanya hivo hivo. Mwezi uliopita tulikutana kwenye mlango mmoja, kila mtu na paketi yake, tukasalimiana.